Umefeli mtihani wa kuingia mafunzo ya urubani? Jinsi ya kujipanga kurudia

Barua pepe ya kukataliwa huwa na mistari minne au mitano. Wanakushukuru kwa muda wako, wanakwambia ushindani ulikuwa mkubwa, wanakutakia kila la heri. Hakuna palipoandikwa ulikosea wapi. Mimi yangu niliisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena, kisha jioni hiyohiyo nikafungua programu ya mazoezi na kuanza kupiga hesabu za kichwa kama mtu aliyedhulumiwa. Nilizipiga wiki sita. Kumbe hesabu hazikuwa tatizo langu. Kilichoniangusha ni kijiti cha kuongozea (joystick), na hilo nililigundua baadaye sana, nilipokaa na kukumbuka sehemu moja baada ya nyingine jinsi siku ile ilivyokwenda.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na mazoezi. Wengi wanaofeli mara ya pili si wavivu. Wanafanya mazoezi mengi ya kitu wanachokipenda, na kile kilichowaangusha wanakiacha kilivyo.

Hatua ya 1: Jua masharti ya kurudia

Kila shirika la ndege na kila chuo kina masharti yake. Mara nyingi utatakiwa kusubiri miezi 6 au mwaka mzima. Wapo wanaotaka usubiri zaidi ya hapo, na wapo wanaokupa nafasi mbili tu basi. Usikisie, waandikie uwaulize mambo haya: nisubiri muda gani, naruhusiwa mara ngapi, nikirudi naanza upya au naanzia nilipokomea, na matokeo yangu ya zamani yataonekana?

Swali hilo la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mifumo ya mitihani hii si mingi, na mfumo mmoja unaweza kutumiwa na vyuo kadhaa. Ukifeli kwa huyu ukakimbilia kwa yule baada ya wiki tatu, yawezekana unakwenda kukaa mbele ya mtihani uleule, ukiwa na udhaifu uleule, na sasa umechoma nafasi mbili badala ya moja.

Fomu ikikuuliza kama uliwahi kuomba, sema ndiyo. Kuna watu hufungua anwani nyingine ya barua pepe na kugeuza mpangilio wa majina. Tarehe ya kuzaliwa na pasipoti vinawaumbua. Halafu hebu fikiria kazi yenyewe: rubani anatakiwa kuripoti kosa lake mwenyewe kabla hajaulizwa. Kuanza kazi hiyo kwa kuficha ni kujinyima mwenyewe.

Hatua ya 2: Andika unachokumbuka

Kama mtihani ulikuwa jana, fanya leo. Kama ulikuwa mwezi uliopita, fanya hata hivyo. Chukua daftari, andika kila sehemu ya mtihani kwenye ukurasa wake, na chini yake ujibu: nilielewa maelekezo? Nilimaliza? Ni wakati gani nilianza kupotea? Mwili wangu ulikuwaje?

Ukurasa wangu mmoja ulisomeka hivi: "Kufuata shabaha kwa kijiti. Dakika mbili za kwanza sawa. Kisha namba zikaanza kusomwa masikioni, nikaangalia pembeni, shabaha ikakimbia. Nikavuta kijiti kwa nguvu, ikapita upande wa pili. Nikavuta tena. Kiganja kilikuwa na jasho. Sikumbuki namba hata moja." Mistari hiyo michache ilinifaa kuliko wiki zangu sita za hesabu.

Andika jinsi ulivyofanya kazi, maswali yenyewe yaache. Karibu kila mahali utakuwa umeweka sahihi ya kutunza siri, na kuyasambaza maswali kunaweza kukufungia mlango moja kwa moja.

Kisha omba mrejesho. Wengine hawatoi kabisa, wengine hukupa alama za kila eneo. Ukipewa, huenda ukakuta kipimo cha ngazi tisa kiitwacho stanaini: 1 ndiyo ya chini, 9 ya juu, 5 ya katikati. Watu hawagawanyiki sawasawa humo. Katika kila watu 100, takriban 20 huangukia ngazi ya 5, 17 ya 6, 12 ya 7, 7 ya 8, na 4 tu hufika 9. Upande wa chini ni vivyo hivyo. Kwa hiyo aliyepata 4 hayuko mbali na kundi kubwa, lakini mwenye 2 ana kazi ya kweli mbele yake.

Kipimo hiki kina historia inayokuhusu. Kilianza kutumika katika jeshi la anga la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, walipotaka kujua nani apelekwe kujifunza kurusha ndege. Mwaka 1943 walipeleka mafunzoni zaidi ya watu elfu moja bila kujali alama zao, ili waone kama mtihani unasema kweli. Wenye alama za juu walimaliza mafunzo kwa wingi kuliko wenye alama za chini. Lakini mtihani ulipima kundi tu. Wapo wa alama za chini waliofika mwisho.

Hatua ya 3: Elewa unapimwa nini

Majina ya mifumo utayasikia sana: COMPASS kutoka Uholanzi, PILAPT, mitihani mifupi ya mtandaoni ya Aon iliyokuwa ikiitwa cut-e, na ile ya wanasaikolojia wa DLR (kituo cha utafiti wa anga cha Ujerumani) kule Hamburg inayochuja waombaji wa Lufthansa. Sura zinatofautiana, lakini chini yake kuna mambo machache yanayojirudia. COMPASS kwa mfano ina sehemu sita: kufuata njia inayopindapinda, kuongoza kwa kijiti na pedali, kumbukumbu, hesabu, kujua mwelekeo kwa kusoma vifaa vya ndege, na kazi nyingi kwa wakati mmoja. Ukielewa hizo sita, mfumo wowote utakaowekewa hautakushangaza.

Sasa jambo la kukupunguzia ndoto. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2007, uliokusanya tafiti nyingi za watu waliorudia mitihani ya uwezo, ulikuta kwamba kurudia hupandisha alama kwa wastani mdogo tu. Ukiupeleka kwenye kipimo cha ngazi tisa, ni kama nusu ngazi. Waliopata mafunzo pamoja na kurudia walipanda zaidi. Maana yake ni kwamba kurudi tu, ukitegemea kuwa sasa umezoea, hakutoshi kumtoa mtu kwenye 3 akafika 6. Ila kama alama zako nyingi ni 6 na eneo moja tu lina 3, shughulika na hilo moja, maana vyuo vingi havikubali alama ya juu sehemu moja ifidie shimo la sehemu nyingine.

Hatua ya 4: Pima afya kwanza

Kama hujapata cheti cha afya cha daraja la kwanza, kitafute kabla hujatumia mwezi mwingine kwenye mazoezi. Macho, uwezo wa kutofautisha rangi, masikio, moyo. Si hatua ya kusisimua, lakini inauma kufaulu mtihani wa pili kisha ukazuiliwa na vile vibao vya vidoti vya rangi.

Hatua ya 5: Fanyia kazi maeneo mawili, yasizidi

Maeneo yenyewe ni haya matano; nguvu yako kubwa iweke kwenye mawili yaliyokuangusha.

*Kijiti na pedali.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi husema "mimi sina kipaji" na kuachia. Kosa la kawaida ni kusahihisha kupita kiasi. Katika mitihani mingi kijiti hakikupi mahali, kinakupa mwendo: ukikisukuma kidogo, alama kwenye skrini inaanza kwenda, na inaendelea kwenda mpaka ukirudishe. Anayesubiri alama ifike kwenye shabaha ndipo arudishe kijiti, amechelewa tayari. Itapita, atavuta upande wa pili, itapita tena. Rudisha kijiti katikati kabla alama haijafika, uiache imalizie yenyewe.

Kishike kwa vidole vitatu, kiganja kizima cha nini? Kiwiko kiegemee meza. Nunua au azima kijiti cha bei ndogo, weka programu yoyote ya kuigiza urushaji kwenye kompyuta, na ujipe kazi moja: ndege ibaki kwenye kimo kilekile, isipande wala kushuka zaidi ya futi 50, kwa dakika 10. Ukiweza hilo bila kukunja uso, rudia huku unahesabu kwa sauti kurudi nyuma kutoka 300 kwa kuondoa 7. Utashangaa jinsi ndege inavyozama kila ukifika kwenye namba ngumu. Hapo ndipo penye mafunzo.

*Mwelekeo.* Unaonyeshwa dira na sindano inayoelekea kituo cha redio, unaulizwa uko wapi. Wengi hujaribu kuchora picha kichwani na muda unawaishia. Anza na hesabu, picha itafuata. Chukua mfano: pua ya ndege inaelekea nyuzi 070. Sindano, ukipima kutoka kwenye pua ya ndege kwa mwendo wa saa, iko nyuzi 250. Jumlisha, unapata 320 (ikizidi 360, ondoa 360). Kituo kiko upande wa nyuzi 320 kutoka ulipo, yaani kaskazini-magharibi. Basi wewe, ukitazamwa kutoka kituoni, uko upande wa kinyume. Kupata kinyume ondoa 200 kisha ongeza 20: 140. Uko kusini-mashariki mwa kituo. Namba ikiwa ndogo kuliko 180, geuza: ongeza 200, ondoa 20. Fanya mifano 20 kwa siku kwenye karatasi. Baada ya wiki mbili utaona picha inajichora yenyewe na karatasi huihitaji tena.

*Hesabu za kichwa.* Si hesabu ngumu, ni hesabu za haraka. Ndege inakwenda maili 420 kwa saa, itasafiri umbali gani kwa dakika 25? Anayeanza kuzidisha 420 kwa 25 amejitafutia shida. Gawa kwa 60 kwanza: maili 7 kwa dakika. Mara 25, ni 175. Au 47 mara 18: fanya mara 20 upate 940, ondoa 94, baki 846. Jifunze kugeuza dakika kuwa sehemu za saa (dakika 12 ni moja ya tano, dakika 36 ni tatu ya tano) na kanuni ya kushuka ambayo marubani huitumia kila siku: kwa kila futi 1,000 za kushuka, tenga maili 3 za baharini. Futi 9,000, maili 27.

*Kumbukumbu.* Tarakimu zikija moja moja, zifunge mbilimbili au tatutatu kama unavyokariri namba ya simu. Ukipotea, usihangaike na zilizopita. Shika zinazokuja.

*Kazi nyingi kwa pamoja.* Siri hapa ni kujua kipi kisiachwe. Kama kuna kitu kinachosogea muda wote na kazi nyingine zinazokuja na kuondoka, kinachosogea ndicho cha kurudiwa kila sekunde mbili tatu. Swali la hesabu likikulazimisha kukiacha kwa sekunde nane, liruke. Ila soma maelekezo, kwani kuna mitihani inayosema wazi kwamba kazi zote zina uzito sawa, na ipo inayokata alama kwa jibu baya. Kubahatisha kunakofaa kwenye mmoja kunaumiza kwenye mwingine.

Hatua ya 6: Ratiba

Wiki nane hadi kumi, dakika 40 kwa siku, siku tano au sita kwa wiki. Saa tano za Jumamosi haziwezi kuchukua nafasi ya hizo, kwa sababu mkono hujifunza ukilala. Dakika 25 zipe udhaifu wako mkubwa, 15 zilizobaki zizungushe kwenye mengine. Kila Ijumaa jipime kwa kipindi kizima bila kusimama, ukiwa umechoka kidogo, maana mtihani wenyewe unaweza kula nusu siku.

Karibu na wiki ya nne alama zitasimama. Hazipandi, pengine zinashuka. Mimi hapo nilitaka kuacha. Pumzika siku mbili kamili, kisha badilisha zoezi (si lengo), na mara nyingi utakuta zimesogea. Alama za programu za mazoezi zisikudanganye kwa upande wowote: zinakulinganisha na wateja wa programu hiyo, na hao si waombaji utakaoshindana nao. Zitumie kujilinganisha na wewe wa wiki iliyopita.

Wiki ya mwisho punguza. Dakika 15 kwa siku zinatosha, na siku moja kabla usifanye kitu.

Hatua ya 7: Dodoso la tabia lisikutishe

Halifanyiwi mazoezi. Wanaojaribu kujibu kama "rubani bora" hujikuta wamejipinga, kwa sababu jambo lilelile huulizwa kwa namna tatu nne. Jibu upesi, jibu ukweli. Sehemu hii haitaisha hata ukishaingia: Ulaya, tangu Februari 2021, sheria inalitaka shirika limpime rubani kisaikolojia kabla hajaanza kurusha abiria, hatua iliyofuata ajali ya Germanwings ya Machi 2015, ambapo rubani msaidizi aliiangusha ndege kwa makusudi.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Fika mapema, na ukiingia uliza kama unaweza kurekebisha kiti na umbali wa kijiti. Watu huona aibu kuuliza, kisha wanakaa saa tatu mkono ukiwa umening'inia. Kabla ya kila sehemu huwa na jaribio lisilohesabiwa alama. Litumie kuchunguza: kijiti kina wepesi gani, mishale ya kibodi inajibu vipi, ukikosea skrini inafanya nini. Aliyewahi kufanya mtihani huo ndiye aliye hatarini zaidi kuruka maelekezo, kwa sababu anadhani anayajua. Yanaweza kuwa yamebadilika.

Sehemu moja ikikwenda vibaya, imekwisha. Najua ni rahisi kusema. Mimi kati ya sehemu na sehemu nilikuwa nafumba macho, navuta pumzi nne, kisha nataja kimyakimya jina la sehemu inayofuata. Kuna siku lilisaidia, kuna siku halikusaidia.

Hatua ya 9: Usaili, na swali usilolikwepa

Watakuuliza: "Uliwahi kuja. Nini kilitokea?" Usilaumu mashine, usilaumu usingizi, na usiseme hukujiandaa ilhali ulijiandaa. Wanachotafuta ni kuona kama unaweza kuchambua kushindwa kwako bila kujitetea. Jibu la mwombaji mmoja niliyefanya naye mazoezi lilikuwa hivi: "Nilikuwa nasahihisha kupita kiasi kwenye kijiti, hasa nikipewa kazi ya pili. Nimefanya wiki tisa za mazoezi ya kushika kimo huku nikihesabu. Mwanzoni nilikuwa natoka nje ya futi 100, sasa nakaa ndani ya 50 mara nyingi." Sentensi tatu. Hilo neno "mara nyingi" ndilo lililonivutia zaidi, maana hakujipiga kifua.

Zoezi la kundi, kama lipo, liendee hivyohivyo: angalia saa kwa niaba ya wenzako, mkaribishe asiyesema, na ukigundua pendekezo lako ni baya liache hadharani.

Hatua ya 10: Ukifeli tena

Linganisha daftari mbili. Kama udhaifu umehama, yaani ulioufanyia kazi umepona na umeangushwa na mwingine, bado kuna njia ya kwenda mbele, na kama masharti yanaruhusu mara ya tatu, iombe. Kama ni uleule, na ulifanya mazoezi kwa uaminifu, sikiliza ujumbe huo.

Hapo wengi huanza kuangalia chuo kinachopokea mtu bila mtihani, ambako leseni inapatikana hatua kwa hatua kwa fedha za mwanafunzi mwenyewe. Ni njia halali na imetoa marubani wazuri. Ila ujue mashirika mengi ya ndege yatakupima tena siku ya kuomba ajira, wakati huo ukiwa umeshatumia akiba yote. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada nzima, lipia saa mbili tatu za majaribio angani na mwalimu wa urubani. Mwambie ukweli kuhusu matokeo yako. Baada ya kutua, muulize ni mara ngapi alilazimika kushika usukani, na kwa nini. Andika majibu yake kwenye daftari lilelile.